Kiti cha Mtu Mmoja

Kaka yangu akishaweka kiganja kwenye kochi lako, siri za nyumba yako zimekwisha. Hana haja ya kuuliza. Anabonyeza sponji upande huu, anabonyeza upande ule, anainamisha kichwa kidogo, na tayari anajua nani hukaa wapi, nani mnene, nani huegemea mkono wa kulia kwa sababu ya mgongo, na nani hakai kabisa. Siku moja bwana mmoja mwenye tai alileta kochi refu libadilishwe kitambaa. Kaka akalipapasa kutoka mwanzo hadi mwisho, akamwambia kwa upole, "Pole, mzee. Mtapatana tu." Yule bwana akabaki mdomo wazi. Alikuwa analala kwenye kochi lile tangu agombane na mkewe, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Mtaa mzima unamwita Fundi Sponji. Mimi ni mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja, na vitambaa vyote vinavyotoka kwenye karakana yake nimevishona mimi. Yeye anapambana na mbao, mikanda na springi huko ndani, mimi nakaa na cherehani yangu mlangoni kwenye mwanga. Tumefanya kazi hivyo tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, kwa hiyo nikisema namjua, sitii chumvi. Ni mpole, mcheshi, hana ugomvi na mtu. Ila ana wivu. Ana wivu kama mtoto wa kwanza siku mdogo wake anapoletwa nyumbani, na wivu huohuo ndio uliomwingiza kwenye mambo ya spika na mitandao, yeye ambaye simu yake alikuwa anajua kuipokea tu.

Nyumbani kwake kulikuwa na kochi la kwanza kabisa alilowahi kutengeneza. Alilitengeneza alipooa. Ni kochi la watu watatu, lakini lilikuwa na mabonde mawili tu, yote katikati, yamekaribiana mpaka ukingo wa moja ulikuwa unamegukia jingine. Moja lake, moja la mkewe, wifi yangu, ambaye watu humwita Mama Pacha kwa sababu ya wale mabinti wawili ambao sasa ni wakubwa na wana makwao. Jumapili mchana, vyombo vikishaoshwa, wawili hao walikuwa wanakaa pale kusikiliza nyimbo zao za ujanani kwenye redio kaseti iliyokuwa juu ya kabati. Kaseti zenyewe zilikuwa zimevutika, mwimbaji anaimba kama ana mafua. Wifi alikuwa anaimba juu yake kwa sauti, akikosea maneno makusudi, kaka anamrekebisha, wanacheka. Redio ilipokufa wakahamia kwenye simu ya wifi. Simu waliiweka ndani ya bakuli ili sauti ikue. Ndiyo, bakuli la supu.

Nilikuwa nawapitia mara mojamoja, sikai. Kochi lilikuwa na nafasi ya tatu, lakini huwezi kukaa kwenye nafasi ya tatu ya watu kama wale.

Sasa, mdogo wake wifi ameolewa na msimamizi wa ghala, mwanamume mrefu mwenye kucheka kwa kelele. Yeye na kaka wameoa mtu na mdogo wake, yaani ni wanyumba. Na wanyumba unawajua: wanapendana, huku kila mmoja anachungulia mwenzake kaoga kwa sabuni gani. Jumapili moja yule mwanyumba alitualika chakula cha mchana sote watatu. Tulipomaliza kula akasema tusiondoke, ana kitu cha kutuonyesha.

Kwenye meza ya televisheni aliweka spika mbili na, kati yake, kisanduku cheusi kisichozidi boksi la viatu vya mtoto. "Hiki kinavuta muziki kwenye mtandao na kupiga chenyewe," alisema. "Kabla yake nilikuwa na amplifaya, dude zito ajabu, halina hata pa kukaa. Nimeachana nalo." Akagusa simu yake, wala hakunyanyuka kitini. Ukaanza wimbo ambao kaka na wifi wameusikiliza maisha yao yote.

Wifi alikuwa ameshika kikombe cha chai. Akakiweka chini. Akafumba macho, uso ukamlainika mpaka akafanana na picha yake ya harusi. Halafu akasema, "Kumbe huu wimbo una kinanda!"

"Kinanda gani?" kaka akauliza.

"Nyuma pale, sikiliza. Miaka yote hii, kumbe kuna mtu anapiga kinanda nyuma!"

Mwanyumba akacheka kicheko chake. "Shemeji, huko kwenu mlikuwa mnasikiliza nusu ya wimbo. Karibu hapa usikilize mzima."

Kaka alicheka pamoja nasi, lakini mimi nilikuwa naangalia mkono wake. Alikuwa anaminya ukingo wa kochi alilokalia mpaka vidole vimeingia. Na kochi lenyewe alilitengeneza yeye, nikalishona mimi. Kwa hiyo jamaa alikuwa anamsimanga akiwa amemkalisha kwenye kazi ya mikono yake mwenyewe.

Kuanzia hapo, Jumapili wifi akawa na safari. "Natoka mara moja, naenda kwa mdogo wangu." Mara moja yake ilikuwa inafika hadi magharibi. Kaka anabaki na kochi na bakuli. Jumatatu tukifungua karakana, hata salamu hazijaisha, utamsikia, "Ati kinanda." Halafu anapiga msumari ambao haukuwa na kosa lolote.

"Una nini wewe?" nilimuuliza siku moja.

"Nina wivu," akasema bila kupindisha.

"Wivu wa nini? Wa spika?"

"Wa ule uso wake. Uliuona. Mimi sijauona uso ule siku nyingi sana, na aliyeuleta ni yule mtu na simu yake, tena kwa kidole kimoja." Akaweka nyundo chini. "Nitanunua kizuri kuliko chake. Nitanunua ambacho utamsikia hata aliyebeba kinanda kukileta."

Tukaenda dukani, mimi na yeye. Muuzaji alikuwa mama mmoja wa miwani, anayeongea polepole, asiye na haraka ya kukuuzia. Kaka akaingia kifua mbele, akasema anataka kisanduku cha mtandao kikubwa kuliko vyote.

"Ukubwa wa kisanduku haukusaidii kitu," mama akamwambia. "Kisanduku kazi yake ni kuchukua wimbo na kuupeleka bila kuuharibu. Anayekuimbia ni spika. Tuanze na spika, na spika zinategemea chumba. Chumba chako kikoje?"

Kaka, ambaye ukubwa wa sebule za watu anaukadiria kwa jicho, akamchorea chumba chake hewani: mlango hapa, dirisha pale, kabati huku. Mama akatuondoa kwenye yale mapipa marefu meusi kaka aliyokuwa anayakodolea macho. Akasema katika chumba kama kile yangevuma tu na kutetemesha vioo. Akatupeleka kwenye spika za kadiri. Kisha akauliza mashine ya intaneti iko wapi nyumbani. Kaka akasema iko kwenye korido. "Basi vuta waya kutoka hapo," mama akasema. "Ya hewani inakubali, lakini ukuta ukiwa mnene wimbo unakatikakatika, na utakuja kunilaumu mimi."

Akatueleza pia kwamba nyimbo nyingi za kwenye simu zimebanwa ili zipite upesi, na zikibanwa sana kuna vitu vinaachwa njiani. Akamwonyesha kaka namna ya kupata zile ambazo hazikubanwa. Halafu akasema asinunue chochote mpaka asikilize wimbo anaoujua yeye mwenyewe. Kaka akautaja ule wimbo. Mama akaupiga. Kaka akasimama katikati ya duka na koti lake la kazi lenye vumbi la mbao, shingo mbele.

"Kipo," akaninong'oneza. "Kinanda kipo kweli."

Hapo ndipo mama wa miwani alipouliza swali ambalo nalikumbuka mpaka leo. "Na mkisikiliza, mnakaa wangapi?"

"We niuzie spika, mama," kaka akajibu huku akicheka. "Mambo ya kukaa niachie mimi. Hiyo ndiyo kazi yangu."

Alifunga kila kitu mwenyewe wifi akiwa kwa mdogo wake. Waya aliupitisha juu ya fremu za milango na kuushika kwa pini zetu za kochi, umenyooka kama mshono. Spika akaziweka mbali na ukuta kidogo kama alivyoelekezwa. Kisha akachukua kigoda, akawa anakaa, anasikiliza, anasogeza, anakaa tena, chumba kizima, mpaka akapata sehemu moja. "Njoo hapa," akaniita. Nikakaa. Jamani, sikudanganyi. Ukikaa pale, mwimbaji anasimama mbele yako katikati ya ukuta, hayumo kwenye spika yoyote, na kinanda kiko nyuma ya bega lake. Nikasogea pembeni kidogo, mwimbaji akakimbilia kwenye spika ya kushoto, kinanda kikapotea.

"Umeona?" kaka akasema. "Ni hapa tu. Hapa hapa."

Tatizo lilikuwa moja. Pale mahali kochi halikai. Ukiliweka, mlango haufunguki vizuri, na bado hakuna atakayekaa katikati kabisa, kwa sababu watu wawili hawawezi kukaa juu ya alama moja. Kaka hakujadili sana. Kesho yake kochi likaja karakana kwa mkokoteni, likasukumwa ukutani nyuma ya magunia ya mabaki ya sponji.

"Livue kitambaa," akaniagiza. "Sponji zitupe, zimekwisha. Fremu tutaitafutia mtu."

"Kochi lako la ndoa?"

"Ni mbao, dada."

Halafu akaanza kutengeneza kiti. Katika maisha yake hajatengeneza kitu kizuri kama kile. Mgongo mfupi ili usizibe masikio, mikono myembamba, springi za kuchagua moja moja. Kipimo hakuchukua kwa futi. Alienda kwenye lile kochi ukutani, akaweka kiganja kwenye bonde la mkewe, akalipapasa kwa muda mrefu, akarudi akakata sponji. Mimi nikashona kitambaa cha kijani, rangi anayoipenda wifi.

"Na wewe utakaa wapi?" nikamuuliza.

"Nitasimama. Nataka kumwona uso."

Siku ya kumkaribisha wifi kwenye kiti chake nilikuwepo. Alitoka jikoni akijifuta mikono kwa kanga, akasimama mlangoni, akaangalia chumba. Kaka akamshika bega, akamketisha. "Usiegemee sana. Kichwa hapa. Basi, hapo hapo." Akapiga wimbo, akaenda kusimama kando ya kabati, macho usoni kwa mkewe kama mtu anayesubiri maziwa yachemke.

"Umesikia kinanda?"

"Nimesikia."

"Na ile pumzi anayovuta kabla hajaanza kuimba?"

"Nimeisikia pia."

Wimbo ulipofika pale kwenye kibwagizo, wifi akafungua mdomo kuimba, kama alivyofanya maisha yake yote. Kaka akainua kidole. "Shh! Utafunika."

Akaufunga mdomo. Akaweka mikono mapajani, akakaa wima kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari wa meno, na akakaa hivyo mpaka wimbo ukaisha. Kaka alikuwa bado anautafuta ule uso.

"Ni nzuri sana, Baba Pacha," wifi akasema. "Asante. Kochi liko wapi?"

"Karakana. Lilikuwa linazuia."

"Aha."

Jumapili iliyofuata akaenda kwa mdogo wake. Na iliyofuata, hivyohivyo.

Hapo wivu wa kaka ukabadilika rangi. Mwanzo ulikuwa wa vyombo, na wivu wa vyombo unachekesha, unaweza hata kuutania. Sasa ukawa wa mtu. Akaacha kula mchana. Anakaa kwenye benchi la kazi anachana kitambaa vipande vipande.

"Spika zangu ni bora kuliko zake," aliniambia. "Niliuliza dukani, ni bora mbali sana. Kama ni muziki, uko nyumbani. Sasa kule anafuata nini? Anamfuata nani?"

"Kaka, usianze."

"Naanza wapi? Nauliza."

"Kuna mdogo wake mle ndani. Utasemaje neno kama hilo?"

"Mdogo wake yuko jikoni muda wote," akasema. Nikajua amekuwa akiipiga hesabu hiyo kichwani usiku na mchana, maana alijibu upesi mno.

Nilimwambia amuulize mkewe. Akakataa. Alisema mtu anaweza kudanganya, sponji haidanganyi. Mwanyumba aliwahi kulalamika kwamba mshono wa kochi lake umeachia, basi, kaka akasema, twende tukaurekebishe. Jumapili mchana. Nikamwambia wazi kwamba ni upuuzi. Lakini alipobeba mifuko ya vifaa, nikachukua sindano na uzi nikamfuata, kwa sababu sikutaka awe peke yake atakapoumbuka.

Mwanyumba alitufungulia mlango akishangaa. Muziki ulikuwa unapiga chinichini. Na zile spika zilizomnyima kaka raha, moja ilikuwa imewekewa chungu cha maua juu, na nyingine imegeuzwa ikaangalia dirishani, sijui nani aliipiga kumbo akifagia. Kaka hakuziona hata. Alikwenda moja kwa moja kwenye kochi, akapiga goti, akaweka kiganja.

Mwisho wa kushoto, bonde pana. Hilo la mwanyumba, hata mimi ningelijua. Mwisho wa kulia, kijibonde kisicho na mpango. Kisha mkono ukarudi kushoto, ukasimama. Kando kabisa ya bonde la mwanyumba, limegandamana nalo, kulikuwa na bonde jingine jembamba, la kina kirefu. Kaka akalibonyeza mara mbili.

Wifi na mdogo wake wakatokea jikoni, mmoja na sinia, mmoja na birika.

"Hapa nani anakaa?" kaka akauliza. Sauti haikuwa yake.

"Hapo?" mwanyumba akasema. "Hakai mtu."

"Usinidanganye. Sponji hii nimeikata kwa mkono wangu. Hapa panakaliwa, tena sana, na anayekaa amekusogelea wewe. Nani?"

Mdogo wake wifi akamtazama mumewe, kisha akamtazama dada yake, na nikatamani sakafu inimeze. Mwanyumba akageuka, akaingia chumbani. Nikafikiri anakwenda kuchukua fimbo. Akatoka amekumbatia lile dude la amplifaya, miguu inamlegea kwa uzito, akalitua kwenye lile bonde. Likaingia kama yai kwenye trei.

"Nilikwambia halikuwa na pa kukaa," akasema. "Lilikaa hapo tangu nilinunue mpaka nilipolibadilisha. Nilikuwa nalisogeza karibu nifikie vitufe." Na akaangua kicheko chake, mkewe naye akacheka mpaka chai ikamwagika, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pia.

Wifi hakucheka. Aliweka sinia chini taratibu.

"Kwa hiyo umekuja kunitafuta kwenye sponji," akasema.

Kaka alikuwa bado amepiga goti.

"Mimi hapo sikai, Baba Pacha. Ungeniuliza ningekwambia. Mimi nakaa pale." Akaonyesha mkeka mdogo sakafuni, mbele ya kochi, wenye chanuo na uzi wa nywele. "Mdogo wangu ananisuka, tunaimba, tunakosea maneno, tunasengenya watu. Muziki ukikata hata hatujui. Kinanda nilikisikia siku moja nikafurahi, nikakwambia wewe. Kwa nini nilikwambia wewe? Ili tukisikie wote wawili. Wewe ukaenda ukaninunulia kiti cha mtu mmoja. Ukasimama pale kabatini kunikagua kama kitambaa kina tobo." Akapumua. "Na kochi langu umelitupa."

Kaka akanyanyuka, akatoka. Hata mifuko ya vifaa nilibeba mimi.

Tulipofika kwenye kona ya karakana akasimama ghafla.

"Lile kochi," akasema. "Nilikuagiza ulivue. Ulishalivua?"

Agizo lilikuwa la zamani, na mimi kazi silazi. Lakini kochi lile nilikuwa sijaligusa hata uzi mmoja. Kila akitoka mchana kwenda kutafuta mbao, nilikuwa nasogeza yale magunia ya mabaki na kukaa. Nilikuwa nakaa kwenye bonde la wifi. Mtu hajui lile bonde likoje mpaka alikalie. Limeinama. Ukishakaa tu, mwili wako unaegemea upande wa pili wenyewe, bila wewe kutaka, kwa sababu miaka yote upande wa pili kulikuwa na bega. Mimi hakukuwa na bega, kwa hiyo nilikuwa nakaribia kuanguka. Nilikuwa najishika, nakaa tena. Niliwahi kuolewa nami, yakaisha upesi, hatukufika hata kuzoea kiti.

"Nilikuwa na kazi nyingi," nikamwambia. "Sijaligusa."

Kaka yangu hajanikumbatia tangu tulipomzika mama. Siku hiyo alinikumbatia katikati ya barabara, mifuko ya vifaa na yote.

Tukalirudisha jioni ileile kwa mkokoteni. Tulilitia ndani kwa taabu, mkono wa kochi ukawa unagonga mlango kwa sababu kile kiti kipya bado kilikuwa mle, na spika moja ikabidi ipande juu ya kabati, nyingine ikajibana kwenye pembe karibu na pasi. Mama wa miwani angeona angefunga duka. Kaka akakaa kwenye bonde lake, muziki hakuuwasha, akangoja.

Wifi aliporudi alisukuma mlango, ukagoma.

"Haufunguki," akasema kutoka nje.

"Pita upandeupande."

Akapita upandeupande. Akaliangalia kochi, akamwangalia aliyelikalia, akavua viatu. Alipokaa aliegemea, na sikuhitaji kuambiwa kwa nini. Kaka akagusa simu, wimbo ukaanza.

"Kinanda kinasikika?" akauliza kwa woga.

"Kidogo. Nyamaza, naimba."

Akaimba, na neno la kwanza tu akalikosea makusudi. Kaka akamrekebisha. Na ule uso ukaja wenyewe. Mimi niliuona vizuri, kwa sababu nilikuwa nimesimama palepale kando ya kabati. Yeye hakuuona. Alikuwa ameegemewa na kichwa, anaangalia mbele.

"Kaa basi, wifi," wifi akaniambia, akagusa ile nafasi ya tatu.

"Nina nguo kwenye kamba," nikasema.

Kile kiti hakikuwa na pa kuwekwa tena, kwa hiyo wakanipa mimi. Kiko chumbani kwangu karibu na dirisha. Ni kizuri, kila mgeni anakisifu. Jumapili mchana nakikalia, simu yangu ndani ya bakuli, nasikiliza. Nilimcheka kaka kwa wivu wake, nikamwita mtoto, na sasa nasema bila kupindisha kama alivyosema yeye: nawaonea wivu. Siwaonei kwa spika.

Juzi kaka alinipitia kuchukua foronya. Akiwa anaongea, mkono ukamtoka kwa mazoea, akaweka kiganja kwenye kiti. Akabonyeza katikati. Akabonyeza upande mmoja, ambako sponji imeanza kushuka kwa sababu nimezoea kuegemea huko, na upande huo hakuna kitu. Akainamisha kichwa kidogo. Halafu akanyanyua macho, akafungua mdomo.

"Usiniambie pole," nikamwahi.